Faiba moja, wapangaji 8: seva ya nyumbani itafikikaje kutoka nje?

kota_ya_pili

Wakuu, salaam. Naomba mwongozo wa wanaojua mambo ya mtandao.

Ni nyumba ya kupanga Dar es Salaam, wapangaji 8 tunatumia faiba moja. Kifaa cha faiba na ruta ya mwenye nyumba viko chini kwenye ngazi. Kutoka hapo kuna swichi ya poti 16, na kila mpangaji amevutiwa waya wake wa Cat5e. Kwangu nimechomeka ruta yangu mwenyewe, nyuma yake kuna laptopu ya zamani yenye Ubuntu Server 24.04. Nextcloud (programu ya kuhifadhi mafaili kwenye seva yako mwenyewe) ipo humo kwenye Docker (inayoendesha programu ndani ya kontena), poti 8080.

Anwani ziko hivi: laptopu ni 192.168.1.20, ruta yangu kwa ndani ni 192.168.1.1, na kwa upande wa nje (WAN) imepewa 192.168.0.37 na ruta ya mwenye nyumba.

Nimeelekeza poti 8080 ya ruta yangu kwenda kwenye laptopu. Nimeweka pia jina la DNS linalojibadilisha IP ikibadilika. Nikiwa ndani inafunguka vizuri. Nikizima Wi-Fi na kutumia bando la simu, ukurasa unazunguka hadi muda unaisha. Lengo ni kufikia mafaili nikiwa kazini, na dada yangu aliyeko Muscat aweze kupandisha picha za familia.

Mwenye nyumba amekubali kunifungulia ukurasa wa ruta yake nikiwa naye. Nimwombe afungue nini?

---

fundi_nyaya

Usimwombe afungue kitu bado. Jua kwanza ni ruta ngapi zinazobadilisha anwani kati ya laptopu yako na intaneti.

Ulichofanya kwenye ruta yako ni sahihi, ila ombi la kutoka nje halifiki kwake. Linaishia kwenye ruta ya mwenye nyumba, ambayo haina maelekezo yoyote kuhusu poti 8080, kwa hiyo inalitupa kimyakimya. Ndiyo maana unaona kuzunguka na si kukataliwa papo hapo. UPnP (kifaa kuiomba ruta imfungulie poti) nayo haitakusaidia, kwa sababu laptopu itaiomba ruta iliyo karibu nayo tu.

Kwenye laptopu endesha hizi mbili:

```
curl -4 ifconfig.me
traceroute -n 1.1.1.1
```

Ya kwanza inakupa anwani ambayo dunia inaiona. Iandike. Halafu ukikaa na mwenye nyumba, fungua ukurasa wa hali ya WAN kwenye ruta yake uangalie anwani iliyoandikwa pale. Huo ukurasa ndio wa kuamini. Traceroute inaweza kuficha baadhi ya vituo.

Kama anwani ya WAN ya ruta yake ni ileile uliyopewa na curl, una bahati: IP ya umma inaishia ndani ya jengo. Hapo kazi ni kuelekeza poti mara mbili, yake kwenda 192.168.0.37, kisha yako kwenda 192.168.1.20. Kabla ya hapo mwombe aifunge 192.168.0.37 kwenye DHCP (sehemu ya ruta inayogawa anwani) kwa anwani ya MAC (namba ya utambulisho wa kifaa) ya upande wa WAN wa ruta yako. Asipofanya hivyo, siku umeme ukikatika ruta yako inaweza kuamka na 192.168.0.41, na poti ikaenda kwa mpangaji mwingine. Na asiwashe DMZ hata akikuambia ndiyo njia rahisi. DMZ inakutupia kila poti isiyo na mwenyewe, na pia inamzuia mpangaji mwingine atakayehitaji kitu kama chako kesho.

Kama ya WAN inaanza na 10, au 192.168, au iko kati ya 172.16 na 172.31, au kati ya 100.64 na 100.127, basi kuna NAT nyingine (ubadilishaji wa anwani) kwa mtoa huduma wenu, ile inayoitwa CGNAT. Kundi la 100.64.0.0/10 lilitengwa mwaka 2012 kwa kazi hiyohiyo. Hapo hata mwenye nyumba akifungua poti zote 65,535 hakuna kitakachoingia, kwa sababu IP ya umma iko kwenye mtambo wa kampuni na inatumiwa na wateja wengi kwa pamoja.

Angalizo kwa waliokwisha kuweka Tailscale (VPN ya kuunganisha vifaa vyako): nayo inagawa anwani kutoka kundi hilohilo la 100.64.0.0/10. Ukiona 100.x kwenye kiolesura cha tailscale0, hiyo si CGNAT. Angalia WAN ya ruta.

Angalia pia `ip -6 addr`. Ukiona anwani inayoanza na 2 au 3 mbele ya neno global, una IPv6 ya umma na mjadala unabadilika kabisa.

---

kota_ya_pili

Asante mkuu. Majibu: curl inaonyesha namba inayoanza na 197. Ruta ya mwenye nyumba, WAN ni 100.81.x.x. Traceroute inapita 192.168.1.1, 192.168.0.1, kisha nyota tatu, kisha 10.x, ndipo inatoka. IPv6 ni fe80 tu, yaani si ya umma.

---

bandari51820

Basi ni CGNAT juu ya NAT mbili za jengo. Usipoteze muda na poti tena.

Chanzo ni uhaba wa IPv4. Akiba ya dunia ya IANA iliisha Februari 2011, na AFRINIC, shirika linalogawa anwani Afrika, imekuwa kwenye awamu ya mwisho ya mgao tangu Januari 2020, mwombaji hapati zaidi ya /22 kwa ombi moja, yaani anwani 1,024. Kampuni yenye wateja wa faiba majumbani haiwezi kumpa kila mmoja ya kwake. Baadhi ya kampuni huuza IP ya umma kwa malipo ya ziada au kwenye vifurushi vya biashara, lakini mkataba ni wa mwenye nyumba, na hata ikipatikana bado utategemea ruta yake.

Njia inayofanya kazi ni kugeuza mwelekeo. NAT zote hizo zinazuia kinachoingia, hazizuii kinachotoka. Kwa hiyo laptopu itoke yenyewe kwenda kwenye mashine yenye IP ya umma, ishike handaki muda wote, na wageni waingie kupitia mashine hiyo. Kwa hali yako, ambapo mtu wa Muscat anatakiwa afungue kwa kivinjari au programu ya simu bila kusumbuliwa na mipangilio, napendekeza VPS ndogo (seva ya kukodi mtandaoni) yenye WireGuard (handaki lenyewe) na Caddy (proksi, yaani inapokea wageni wa wavuti na kuwapeleka kwenye laptopu).

VPS ya CPU 1 na RAM GB 1 inatosha na kubaki, maana inapitisha data tu. Kabla ya kulipia pima `ping` kwenda kwenye mashine ya majaribio ya kampuni husika, ukiwa kwenye mtandao wa nyumbani. Ukiwa kazini Dar, data yako itatoka Dar hadi kwenye VPS na kurudi Dar, kwa hiyo umbali unaulipa mara mbili. Zipo kampuni zenye mashine Johannesburg na Cape Town, anza na hizo kabla ya Ulaya. Soma pia kama mgao wa data unahesabu inayotoka tu au pande zote mbili, kwa sababu kila GB inaingia na kutoka hapo.

Tengeneza funguo pande zote mbili:

```
umask 077
wg genkey | tee siri.key | wg pubkey > wazi.key
```

Kwenye VPS, `/etc/wireguard/wg0.conf` (203.0.113.10 ni mfano, weka ya VPS yako):

```
[Interface]
Address = 10.77.0.1/24
ListenPort = 51820
PrivateKey = (siri ya VPS)

[Peer]
PublicKey = (wazi ya laptopu)
AllowedIPs = 10.77.0.2/32
```

Kwenye laptopu:

```
[Interface]
Address = 10.77.0.2/24
PrivateKey = (siri ya laptopu)

[Peer]
PublicKey = (wazi ya VPS)
Endpoint = 203.0.113.10:51820
AllowedIPs = 10.77.0.1/32
PersistentKeepalive = 25
```

Kisha `systemctl enable --now wg-quick@wg0` pande zote, na ufungue UDP 51820 pamoja na TCP 80 na 443 kwenye VPS. Kampuni nyingi zina ukuta wa moto wa pili kwenye ukurasa wao wa usimamizi, nje ya mashine yenyewe. Huo ndio unaosahaulika.

Mstari wa PersistentKeepalive usiuache. NAT inakumbuka mazungumzo ya UDP kwa muda mfupi, mara nyingi nusu dakika tu. Laptopu ikikaa kimya zaidi ya hapo, CGNAT inafuta kumbukumbu na VPS haina tena njia ya kuifikia, hadi laptopu yenyewe iseme neno. Sekunde 25 zinaizuia isisahau. Upande wa VPS hauhitaji mstari huo.

Nimechagua 10.77.0.0/24 ili isigongane na 192.168.0 ya jengo, 192.168.1 yako, wala 10.x ya mtoa huduma. Njia unayoweka kwa makusudi iwe mbali na zile za kawaida za ruta.

Ukitaka kuona kama pakiti zinafika, endesha `tcpdump -ni eth0 udp port 51820` kwenye VPS (badili eth0 kama kiolesura chako kina jina jingine). Kimya kabisa maana yake zimezuiwa njiani au na ukuta wa kampuni ya VPS. Kama jengo linazuia UDP 51820, badili poti, lakini usichukue UDP 443 kwa sababu Caddy inaitumia kwa HTTP/3. Ikiwa UDP yote imezibwa, rudi kwenye SSH:

```
ssh -N -o ServerAliveInterval=30 -o ExitOnForwardFailure=yes \
  -R 127.0.0.1:8080:localhost:8080 handaki@203.0.113.10
```

Iweke kama huduma ya systemd yenye `Restart=always`. Ni nzito kuliko WireGuard lakini inapita karibu kila mahali. Caddy hapo itaelekezwa 127.0.0.1:8080.

Caddyfile ya VPS kwa WireGuard ni mistari mitatu:

```
faili.jinalako.co.tz {
    reverse_proxy 10.77.0.2:8080
}
```

Rekodi ya A ya jina hilo ielekee kwenye IP ya VPS. Ile DNS yako inayojibadilisha ifute, haina kazi tena. Caddy itachukua cheti cha Let's Encrypt yenyewe na kukihuisha, mradi poti 80 na 443 zifikike.

Nextcloud nayo lazima ijue kuwa iko nyuma ya proksi (hapa kontena linaitwa nextcloud):

```
docker exec -u www-data nextcloud php occ config:system:set trusted_domains 1 --value=faili.jinalako.co.tz
docker exec -u www-data nextcloud php occ config:system:set trusted_proxies 0 --value=10.77.0.1
docker exec -u www-data nextcloud php occ config:system:set overwriteprotocol --value=https
```

Ukiacha ya mwisho, kivinjari kinaweza kufanya kazi na programu ya simu ikakwama kwenye hatua ya kuruhusu akaunti, kwa sababu Nextcloud inatengeneza viungo vya http.

---

mzizima_seva

Nakubaliana na bandari51820, naongeza yanayohusu usalama na sheria.

Utakutana na mafundisho mengi yanayotumia iptables DNAT (kuelekeza pakiti kama zilivyo) kwenye VPS badala ya proksi. Kwa mipangilio hiyo hapo juu hayatafanya kazi. Pakiti itafika laptopu ikiwa na anwani ya mgeni kama chanzo, na WireGuard itaitupa kwa kuwa AllowedIPs inamtambua 10.77.0.1 peke yake. Watu huongeza MASQUERADE (kubadili anwani ya chanzo), inafanya kazi, lakini kila mgeni anaonekana ni 10.77.0.1. Hapo ulinzi wa Nextcloud dhidi ya wanaobahatisha nywila unamwekea breki kila mtu kwa kosa la mmoja. Kwa kurasa za wavuti, proksi ni bora bila ubishi.

Docker haiheshimu ufw, ukuta wa moto wa Ubuntu. Ukiandika `8080:80` kwenye compose, poti inafunguka kwenye violesura vyote hata kama ufw inasema imefungwa. Andika `10.77.0.2:8080:80` na `192.168.1.20:8080:80`, hiyo ya pili kwa matumizi ya ndani (kwa njia ya SSH weka pia `127.0.0.1:8080:80`). Athari yake: laptopu ikiwaka na Docker ikatangulia kabla wg0 haijainuka, kontena linakataa kuanza na kulalamika kuwa anwani haipo. Dawa ni `net.ipv4.ip_nonlocal_bind=1` kwenye faili ndani ya /etc/sysctl.d.

SSH ya VPS iwe ya funguo tu. Usiamini ulichoandika kwenye sshd_config. VPS nyingi za Ubuntu huja na `/etc/ssh/sshd_config.d/50-cloud-init.conf` yenye `PasswordAuthentication yes`, na hilo linasomwa kabla ya la kwako, na kwa sshd thamani ya kwanza kusomwa ndiyo inayoshinda. Hakikisha kwa `sshd -T | grep passwordauthentication`.

Laptopu ibaki nyuma ya ruta yako, usije ukaichomeka moja kwa moja kwenye waya wa swichi ya jengo. Swichi ya kawaida inawaweka wapangaji wote kwenye mtandao mmoja. Ile sheria ya zamani ya kuelekeza 8080 kwenye ruta yako ifute leo, maana kwa sasa kazi yake ni moja tu: kuwafungulia majirani.

Kuhusu Cloudflare Tunnel, maana najua atakuja mtu kuitaja: ni bure, haihitaji VPS, na cloudflared (programu yake ya upande wako) inatoka kwa poti 7844. Ila kwenye mpango wa bure ombi moja la kupakia haliwezi kuzidi MB 100, masharti yao yanawaruhusu kukuwekea kikomo ukisukuma video nyingi, na HTTPS inafunguliwa kwao kabla ya kufika kwako. Kwa picha za familia ningelipia VPS.

Tailscale ni nzuri kwako mwenyewe na vifaa vyako. Kwa dada wa Muscat isiwe chaguo. Oman imewekea VPN masharti, na hakuna haja ya kumtia mtu kwenye shaka wakati HTTPS ya kawaida inatosha. Hata kwetu, TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, ilitoa tangazo Oktoba 2023 ikiwataka wanaotumia VPN kwa shughuli zao watoe taarifa. Handaki la WireGuard kati ya mashine zako mbili ni VPN kwa ufundi, kwa hiyo soma tangazo hilo ujue umesimama wapi. Na mweleze mwenye nyumba unachofanya. Ni mkataba wake.

---

kota_ya_pili

Imekubali kwa asilimia kubwa. `wg show` inaonyesha handshake ya sekunde chache, ping ya 10.77.0.1 inajibu, ukurasa wa kuingia unafunguka ukiwa na kufuli. Tatizo: kupakia picha kunaanza halafu kunaganda, na baadhi ya kurasa zenye picha nyingi zinafunguka nusu. Kasi ya kupakia ya jengo nimepima, 18 Mbps usiku.

---

bandari51820

Vidogo vinapita, vikubwa vinaganda: hiyo ni MTU, yaani ukubwa wa juu wa pakiti moja. WireGuard huongeza baiti 60 juu ya kila pakiti ikipita IPv4 (80 ikipita IPv6). MTU ya kawaida ya wg0 ni 1420, ambayo inadhani njia ya nje inabeba 1500, au angalau 1480. Njia yako inaonekana kubeba chini ya hapo. Pakiti ya nje ikizidi inakatwa vipande, na vifaa vingi vya NAT hutupa vipande.

Ukiwa kwenye laptopu:

```
ping -M do -s 1392 10.77.0.1
```

1392 pamoja na 28 za vichwa ni 1420. Isipojibu, shuka kwa 20 hadi ijibu, kisha ongeza 28 kwenye namba iliyojibu. Hiyo ndiyo MTU yako. Rudia jaribio kutoka VPS kwenda 10.77.0.2, kwa sababu njia ya kurudi inaweza kuwa tofauti, na uchukue ndogo kati ya hizo mbili.

---

kota_ya_pili

1392 kimya, 1372 kimya, 1352 kimya, 1332 imejibu. Kutoka VPS ni hivyohivyo.

---

bandari51820

1332 + 28 = 1360. Weka `MTU = 1360` chini ya [Interface] pande zote mbili, kisha `systemctl restart wg-quick@wg0`. Kama unaendesha hiyo amri ukiwa umeingia kwa SSH kupitia handaki lenyewe, utajikata. Ingia kwa njia ya ndani.

Ile 18 Mbps ya usiku usiihesabu kuwa yako. Pima saa 2 usiku wapangaji wote wakiwa nyumbani. Kila anachopakua dada yako kinatumia upande wa kupakia wa jengo zima, na upande huo ukijaa hata simu za video za majirani zinakatika. Programu ya Nextcloud ya kompyuta ina sehemu ya kuweka kikomo cha kasi. Upande wa seva unaweza kubana wg0 kwa tc:

```
tc qdisc replace dev wg0 root cake bandwidth 6mbit
```

Mbps 6 katika 18 ni haki kwa nyumba ya watu 8. Amri hiyo inapotea kiolesura kikizimwa, kwa hiyo iweke kama `PostUp` kwenye wg0.conf.

---

fundi_nyaya

Kwa kuwa ni laptopu ya zamani, mambo ya umeme yasikupite.

Kwenye `/etc/systemd/logind.conf` weka `HandleLidSwitch=ignore`, la sivyo mtu akifunga kifuniko seva inalala. Betri ya laptopu itaishikilia umeme ukikatika, lakini ruta yako, swichi na kifaa cha faiba pale ngazi vitazima. UPS ndogo za DC za 12V zinatosha kwa ruta, ila soma volti na ampea kwenye adapta ya kila kifaa kabla ya kununua. Kifaa cha faiba cha 12V 1.5A hakitasimama kwenye UPS inayotoa 1A.

Kingine ambacho kinawatesa wengi bila kujua: saa. WireGuard hutia muhuri wa wakati kwenye kila ombi la kuanzisha mazungumzo, na VPS inakataa ombi lenye wakati wa nyuma kuliko lile la mwisho ililolikubali. Laptopu yenye betri ya CMOS iliyokufa ikizimika kabisa, inaamka na tarehe ya miaka iliyopita, na handaki linagoma hadi saa irekebishwe na NTP. Raspberry Pi 4 na za kabla yake hazina saa ya betri kabisa, kwa hiyo hali ni hiyohiyo. Angalia `timedatectl`, unataka uone `System clock synchronized: yes`. Betri yenyewe kwa kawaida ni CR2032, ingawa kwenye laptopu nyingi huwa imefungwa kwenye waya wenye plagi ndogo, kwa hiyo fungua kifuniko cha chini uone kabla ya kwenda dukani.

Na Endpoint iache iwe namba kama alivyoandika mwenzangu. Ukiweka jina, wg-quick inalitafuta mara moja tu wakati wa kuwaka, na umeme ukirudi laptopu huwa tayari kabla ya faiba. DNS haitajibu, huduma inaweza kushindwa, na hutaweza kuifikia kutoka mbali ili uiwashe tena.